Natafuta kwao bibi yake bibi: nani apime DNA?

Mjukuu wa Pangani
Habari za jioni wakubwa zangu. Naomba ushauri, jambo hili limenikaa moyoni tangu tumzike baba.

Bibi yangu mzaa baba yuko Pangani, anakaribia miaka 90. Alilelewa na bibi yake, mama mzaa mamaye, aliyeletwa pwani akiwa mtoto mdogo, kabla Wajerumani hawajaishika nchi. Kwao hakurudi tena. Hata jina aliloitwa Pangani silo alilozaliwa nalo. Nyumbani wengine husema alikuwa Mmanyema, yaani wa mashariki ya Kongo, wengine Mnyasa, wa upande wa Ziwa Nyasa. Bibi anakumbuka wimbo aliokuwa akibembelezewa, na neno moja linalojirudia humo: "kumudzi".

Mimi naishi Leicester. Huku vipimo vya DNA vya kutema mate vinauzwa mtandaoni na nimeshatenga pesa. Nikipima nitajua kwao?

Binti Tanga
Pole sana kwa msiba. Usinunue kwanza.

Kuna vinasaba vya mitokondria, hivyo mtu huvipata kwa mama tu. Yule mzee alimpa bintiye, bintiye akampa bibi yako, bibi akawapa watoto wake wote, baba yako akiwemo. Ila mwanamume hawapi wanawe. Wewe unavyo vya mama yako, vya Pangani vimeishia kwa marehemu. Una shangazi? Yeye na watoto wake wote wanavyo, hao ndio wapime.

Vinasaba vingine hupungua nusu kila kizazi. Kwa wastani bibi amebeba robo ya mzee huyo, wewe sehemu moja ya 16. Ndiyo maana mate ya bibi ni hazina.

Mpwani
Mimi nilipima. Nikaletewa asilimia na majina ya nchi, nikafurahi mno. Baadaye nikaelewa kwamba kampuni inakulinganisha na watu iliowakusanya, na wa kwetu humo ni wachache. Kijiji haikuonyeshi. Kilichonifaa ni orodha ya watu wenye undugu wa damu nami. Humo nikakuta mtoto wa babu ambaye nyumbani hakuwahi kutajwa, na mjomba hakunisemesha mwaka mzima. Kwa hiyo muulize bibi kwanza kama anataka. Neno mtumwa bado linauma pwani, na wako wazee waliolifukia ili wajukuu waolewe kwa heshima.

Lakini upande wa kike usiuache. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Damu ya Uajemi iliingia zaidi kwa wanaume. Kina mama karibu wote walikuwa wa Afrika. Sisi tulifundishwa kuhesabu akina baba tu.

Kijana wa Maabara
Kama bibi atapima, msitie mate yake kwenye begi mkasafiri nayo. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009. Ulizeni kwanza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mwana Nyasa
Ndugu yangu, neno hilo limenisimamisha. "Kumudzi" kwa Kinyanja, lugha ya huko Nyasa, ni kijijini, nyumbani. Lugha jirani zina maneno ya kufanana nalo, kwa hiyo halitoshi peke yake. Ila njia inakubali: Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba wa 1873 wa kufunga biashara ya watumwa baharini, misafara iliyotoka Nyasa kupitia Kilwa ikawa inapandishwa kwa miguu kufuata pwani mpaka Pangani. Mrekodini bibi wimbo wote, hata asipojua maana. Msimsahihishe, aimbe anavyousikia.

Mjukuu wa Pangani
Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Binti wa shangazi yuko Birmingham, amekubali kupima, kwa hiyo hakuna mate ya kusafirisha. Jana shangazi alimuuliza bibi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mtafuteni, alikuwa akilia usiku."

Halafu akaimba. Ni dakika moja na nusu, na mna maneno mengi kuliko lile moja. Mwana Nyasa, nikutumie sauti faraghani?

Mwana Nyasa
Nitumie sasa hivi. Mama yangu yupo hapa, nitamsikilizisha.