Data za darubini ya Webb: zifunguliwe siku hiyohiyo, au mwenye wazo apewe mwaka wake?

Mwanzisha mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Darubini ya James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 na imegharimu takribani dola bilioni 10, fedha za umma za Marekani, Ulaya na Kanada. Pamoja na hayo, mtafiti akikubaliwa kuitumia, kwa kawaida data zake hufungwa kwa miezi 12. Zimeshafika, zimeshapangwa kwenye hifadhi kule Baltimore, lakini sisi wengine tunaona tu jina la nyota au galaksi iliyotazamwa na tarehe yake. Kilichomo ndani anakijua yeye na wenzake.

Msimamo wangu: kufuli hilo liondoke. Desemba 1995 Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayoendesha darubini ya anga ya Hubble, alitumia muda wa darubini uliotengwa kwa mkurugenzi kutazama kipande cha anga kilichoonekana kitupu, siku 10 mfululizo. Kuna waliomwonya kwamba anachezea muda wa watu. Zikapatikana picha 342, na ndani yake galaksi kama 3,000. Hakujiwekea hata mwezi mmoja wa kuzifaidi peke yake. Wiki chache baadaye kila mtaalamu duniani alikuwa nazo mezani.

Mfano wa pili ni Kepler, darubini ya anga iliyosaka sayari za nyota nyingine. Watu wa kawaida waliojitolea kukagua data zake zilizo wazi, kupitia mradi wa Planet Hunters, waliona nyota KIC 8462852 ikififia kwa namna ya ajabu, wakati mmoja kwa asilimia 22 hivi. Programu za kompyuta zilizokuwa zikisaka sayari hazikuipa uzito. Makala ikatoka 2015, Tabetha Boyajian akiwa mwandishi wa kwanza. Data zingefungwa, nani angeiona?

Sayari ya Tisa

Naunga mkono hoja, tena kwa herufi kubwa. Mlipa kodi ndiye aliyenunua tiketi, halafu anaambiwa asubiri nje mwaka mzima!

Mpima Mwanga

Mkuu mwanzisha mada, mifano yako mizuri, lakini yote miwili inakwepa swali. Data za Williams zilitokana na muda wa ofisi yake, hazikuwa wazo la mtafiti fulani aliyeshindania nafasi. Kepler nayo ilitazama nyota zaidi ya laki moja na nusu kwa mpigo. Webb haifanyi kazi hivyo. Inaelekezwa kwenye kitu kimoja, kwa saa zilizohesabiwa, kwa sababu mtu fulani aliandika hoja kwamba hapo pana jibu.

Na kuandika hoja hiyo si mchezo. Katika mzunguko wa nne wa maombi yalipokelewa mapendekezo 2,377, na saa zilizoombwa zilikuwa karibu mara tisa ya zilizopo. Ukishinda, muhtasari wa pendekezo lako unawekwa wazi, na ratiba ya darubini iko wazi pia. Maana yake mshindani wako anajua unatazama nini, kwa kifaa gani na lini. Kitu pekee ambacho hana ni data. Mpe hizo nazo siku hiyohiyo, na kama ana timu ya watu 20 na programu za uchambuzi zilizokwisha andaliwa, atachapisha kabla mwanafunzi wako wa uzamivu hajamaliza kusafisha kelele kwenye picha ya kwanza.

Kwa hiyo kufuli hili unaloliona ni la wakubwa, mara nyingi linamkinga mdogo: mhadhiri mwenye masomo ya kufundisha, chuo kisicho na kompyuta kubwa, kikundi kisicho na ruzuku. Mchumia juani hulia kivulini, mkuu.

Sayari ya Tisa

Aliyechuma juani hapo ni mlipa kodi.

Kivuli cha Zohali

Niongeze jambo ambalo halijaguswa. Haraka ina gharama kwa sayansi yenyewe, achilia mbali kazi za watu. Julai 2022 data za mwanzo za Webb zilifunguliwa kwa wote, makusudi, ili watu wajifunze kuitumia. Zikamwagika makala ndani ya siku chache, wakati vipimo vya kamera bado vinarekebishwa. Galaksi moja, CEERS-93316, ikakadiriwa kuwa tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 235 hivi baada ya mlipuko mkuu (Big Bang) ulioanzisha ulimwengu. Ilipochunguzwa mwanga wake kwa kuuchambua rangi kwa rangi, ikaonekana ni ya miaka bilioni moja na ushee baada ya mlipuko huo. Vumbi na mng'ao mkali wa gesi vilikuwa vimeidanganya kamera. Lakini habari ya kwanza ilikuwa imeshazunguka dunia, na marekebisho, kama kawaida, hayakusambaa hivyo.

Mwanzisha mada

Kivuli cha Zohali, umeeleza nusu. Utafiti uleule wa 2023 ulioing'oa CEERS-93316 ndio uliothibitisha galaksi nyingine iliyotokana na data zilezile za wazi, ile inayoitwa Maisie: miaka milioni 390 hivi baada ya mlipuko mkuu. Kosa liligunduliwa haraka kwa sababu kila mtu alikuwa na data. Lingekuwa ndani ya kufuli, tungemtegemea aliyekosea ajisahihishe mwenyewe, na binadamu tunajuana.

Mpima Mwanga, hoja ya mdogo naikubali kwa kiasi. Ila nijibu hili: waliotengeneza vifaa vya Webb, waliosota miaka mingi, walipewa karibu saa 4,000 za uhakika. Baadhi yao ndio waendeshaji wa mradi wa JADES, wa kusaka galaksi za kale, ambao umetoa data zake kwa awamu, na ndio waliotupa JADES-GS-z14-0, galaksi ya miaka kama milioni 290 baada ya mlipuko mkuu. Walikuwa na kila sababu ya kukumbatia, lakini walifungua, na hawakunyang'anywa kitu.

Mpima Mwanga

Walifungua wao, kwa wakati waliouchagua wao. Na ni timu kubwa. Umenithibitishia hoja yangu bila kutaka.

Mwanafunzi wa Nyota

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, ile kesi ya 2005 ya Haumea, sayari kibete iliyo ng'ambo ya Neptuni, si ndiyo jibu la mjadala huu? Kundi la Mike Brown wa Marekani lilikuwa limekigundua kitu hicho Desemba 2004 na likawa linakichunguza kimyakimya. Kundi la José Luis Ortiz wa Hispania likatangaza kwanza, Julai 2005, kisha ikabainika kwamba kompyuta za taasisi yao zilikuwa zimefungua kumbukumbu za darubini aliyoitumia Brown.

Kivuli cha Zohali

Marahaba. Mfano ni mzuri ila tuutumie kwa uangalifu. Zile hazikuwa picha. Zilikuwa kumbukumbu za mahali darubini ilipoelekezwa, zilizokuwa zinafikika mtandaoni. Ortiz alikiri kuzitazama, akasema ilikuwa kuhakikisha tu, na kwamba walikiona wenyewe kwenye picha zao za 2003. Hadi leo orodha rasmi inataja Sierra Nevada, kituo cha Hispania alichotumia Ortiz, kama mahali pa ugunduzi, na nafasi ya mgunduzi imeachwa tupu, huku jina Haumea likitoka kwa kundi la Brown. Kinachonisumbua ni hiki: Webb leo inatangaza hadharani zaidi ya kile kilichozua ugomvi ule.

Mpima Mwanga

Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Mwanzisha mada

Sawa, nipunguze makali. Tusizichanganye data za aina zote. Uchunguzi wa eneo pana, au mpango wa mkurugenzi wa kutazama angahewa za sayari za miamba nje ya mfumo wetu, usiwe na kufuli hata la siku moja. Darubini ya Roman, ya anga pia na ya NASA, imeshapangwa hivyo: data zake hazitakuwa na umiliki wa mtu. Pendekezo la mtafiti mmoja lipewe miezi sita badala ya 12, na anayetaka zaidi aandike kwa nini, kamati iamue.

Mpima Mwanga

Sita kwa mwenye timu, sawa. Kwa anayeongozwa na mwanafunzi wa uzamivu, 12 bila kuomba. Hapo nitasaini.

Sayari ya Tisa

Mimi bado nasema sifuri. Kama tatizo ni mdogo kukosa kompyuta na ruzuku, apewe kompyuta na ruzuku.

Mpima Mwanga

Mkuu, hizo zitoke wapi? Watafiti wengi walio nje ya Marekani wanapata muda wa Webb bila senti ya uchambuzi kutoka NASA. Nitajie anayelipa, nami nitahamia upande wako leo.