Tupeane uzoefu: bwawa la kuogelea la nyumbani, mlichagua kina gani na mliliweka wapi?

Bangwe, Kigoma
Habari zenu wakuu. Kiwanja changu kinashuka kuelekea ziwani, na nyuma ya nyumba nina eneo la mita 14 kwa 9. Tunataka kuchimba bwawa la familia kiangazi hiki kabla mvua hazijaanza. Nyumbani tupo mimi, mke wangu, mtoto wa chekechea, mwingine wa darasa la tano, na mama yangu ambaye huja kukaa nasi miezi ya baridi. Fundi anashauri kina kianzie mita 1 kishuke hadi 2.5. Mke wangu hajui kuogelea na hiyo 2.5 hataki hata kuisikia. Mliojenga, au mnaoishi kwenye nyumba yenye bwawa, mlifikiaje uamuzi?

Ujiji
Kaka, msikilize shemeji yetu. Mimi pia siogelei, na bwawa letu tulilipima kwa mwili wangu. Mume wangu alinisimamisha ukutani akachora alama begani, ikasoma mita 1.3. Hapo ndipo kina chetu kinapoishia. Upande wa ngazi ni mita 0.9.

Watu wengi wanapima kina kwa mtoto. Mtoto wa miaka mitatu, maji ya mita 1 na ya mita 3 kwake ni yale yale, yote yanamfunika. Wa kupimwa ni mtu mzima atakayeingia kumtoa. Maji yakiniishia begani natembea, namfikia, namnyanyua. Yakinifika mdomoni tunakuwa wawili wa kuokolewa. Kwa hiyo tulijiuliza saa kumi jioni, baba yupo kazini, nani atakuwa karibu na maji? Jibu lilikuwa mimi na dada wa kazi, ambaye ni mfupi kunizidi. Kwake yanafika shingoni na bado anasimama.

Kabla ya ngazi tuna kibaraza ndani ya maji, upana wa mita 1.2, maji sentimita 30 tu. Wadogo hucheza hapo na mtu mzima akiwa amekaa nao. Nasema amekaa nao kwa sababu hata sentimita 30 zinamtosha mtoto kuzama, na anayezama hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Anaenda kimya. Ndiyo maana bwawa letu liko mbele ya dirisha la jikoni, ingawa pale nyuma ya banda kulikuwa na kivuli kizuri zaidi. Na dirisha halichukui nafasi ya mtu kuwa pale pale majini.

Wakubwa wetu wamejifunzia ziwani, wanajua kupiga mbizi. Wakitaka kina wanaenda huko na baba yao. Tanganyika ina zaidi ya mita 1,400, sioni kwa nini nishindane nayo uani.

Fundi, Mwanga
Naongezea upande wa ujenzi. Kwanza mteremko. Bwawa lako refu lilaze sambamba na kilima, lisielekee bondeni, utachimba kidogo na ukuta wa chini utakuwa mfupi. Halafu lote likae juu ya udongo wa asili. Kwenye viwanja vyetu vya milimani mtu huchimba upande wa juu, kifusi anakimwaga upande wa chini, na nusu ya bwawa inakaa juu ya kifusi. Kifusi kinatitia, nusu nyingine haititii, zege linapasuka katikati.

Sasa kina. Chukua mita 8 kwa 4. Kina cha wastani wa mita 1.1 ni lita 35,000. Ukienda 1 hadi 2.5, wastani ni 1.75, lita 56,000. Tofauti ni maboza mawili ya lita 10,000, na baada ya hapo klorini, pampu na umeme vyote vinafuata ujazo huo kila mwezi. Ukuta nao: nguvu ya maji inakua kwa mraba wa kina, hivyo ukuta wa mita 2.5 unabeba karibu mara nne ya ule wa 1.3. Nondo na zege havifanani hata kidogo.

Na hiyo 2.5 haikupi unachokitafuta. Kujirusha kichwa kutoka kwenye ubao kunahitaji kina kinachokaribia mita 3, tena kiendelee mbali mbele ya ubao. Kwenye urefu wa mita 8 huna nafasi hiyo. Utabaki na sakafu inayoshuka ghafla, na hapo ndipo mtoto anateleza akitafuta pa kukanyaga. Sakafu ishuke taratibu, isizidi mita 1 kwa kila mita 10.

Isevya, Tabora
Mimi natofautiana kidogo. Wanangu ni vijana, wananizidi urefu, mita 1.3 ingewachosha mapema. Tulijenga umbo la herufi L. Mguu mfupi ni mita 1.1 kwa wote, mguu mrefu unafika 1.8, katikati kamba yenye maboya. Wapwa wakija likizo wanajua mwisho wao ni kamba, na mmoja wa vijana anakaa ndani ya maji nao. Kama nyumba ina waogeleaji kweli, L inafaa. Kwa familia yako, kaka, nakubaliana na wa Ujiji.

Huku kwetu tambarare shida ni nyingine. Mwembe uwe mbali, majani yake hayaishi. Angalia pia upepo wa kiangazi unatoka wapi, tundu la kunyonya uchafu wa juu liwe upande unakopeleka majani. Na usikaushe bwawa wakati wa masika. Udongo ukishiba, maji ya chini yanaweza kulinyanyua bwawa tupu zima zima.

Kasulu
Uzio pande zote nne, mita 1.2 kwenda juu, bila kitu cha kukanyagia. Ukuta wa nyumba wenye mlango usiuhesabu kuwa upande wa nne, mtoto wa chekechea atapita mlangoni. Geti lijifunge lenyewe na lifungukie nje. Mkimaliza kuogelea, toeni midoli yote majini.

Bangwe, Kigoma
Asanteni sana, nimesoma pamoja na mke wangu. Tumempima leo, bega lake ni 1.28, tutaishia 1.25. Dada wa Ujiji, ngazi umeweka kona au upana wote? Namfikiria mama, magoti yanamsumbua.

Ujiji
Upana wote, kaka. Kila ngazi isizidi sentimita 18 kwenda juu, pa kukanyaga pawe 30, na ukingo uwe wa kigae cha rangi nyingine aone inapoishia. Bomba la kushikia lianzie nje ya maji, lisianzie ndani. Mama msalimie sana.