Malengo nimeandika, sasa mnayafuatilia vipi?

fundi_arua: Habari zenu jamani. Nashona nguo hapa Arua, Uganda, na mwaka huu nilikaa chini nikaandika malengo yangu: ploti, fizi za watoto bila kukopa, cherehani ya ovaloki, cheti cha ushonaji, na nyumba ya mama kijijini. Kwa semina moja tuliambiwa Yale, chuo kikuu cha Marekani, walifanya utafiti 1953, eti wale 3% walioandika malengo, miaka 20 baadaye walikuwa na pesa kushinda wale 97% wote ukiwajumlisha. Basi nikabandika karatasi ukutani. Lakini siku zinaenda tu, sijui kama nasonga ama nimesimama. Nyinyi mnatumia daftari, simu ama nini?

mwalimu_kasese: Dada, hiyo ya Yale achana nayo, chuo chenyewe kilitafuta kikakuta utafiti huo haukuwahi kufanywa, na inaniuma sana watu wanalipia semina kuambiwa hivyo. Ila karatasi usiitoe. Gail Matthews wa Dominican University of California alifanya utafiti wa kweli, akagawa watu kwa makundi, kuna waliofikiria malengo tu, kuna walioandika, na kuna walioandika halafu kila wiki wakawa wanamtumia rafiki ripoti wamefika wapi. Hao wa ripoti ndio walifanikiwa kushinda wote. Sasa wewe ripoti unampa nani?

boda_malaba: Mwalimu amesema kweli kabisa. Sisi kwa steji ya bodaboda tuko na kikundi cha akiba, Jumapili kila mtu anasimama anasema ameweka ngapi na anatafuta nini, kuna mwenzetu alikuwa na mkopo wa pikipiki, kila wiki anatutajia kimebaki kiasi gani, akikosa kuweka tunamuuliza shida ni nini, na kama ni mgonjwa tunamchangia, mpaka akamaliza. Daftari ama simu yote sawa, muhimu kuwe na siku na kuwe na mtu. Halafu dada yangu, ploti na nyumba ya mama zinagombania pesa ileile, chagua moja ianze. Fizi ndiyo haingoji, Februari, Mei, Septemba shule zinafungua uwe umejipanga ama hujajipanga.

fundi_arua: Asanteni sana. Ripoti nitampa dada tunayeshona naye, ni mkali na ananipenda. Shida yangu pesa ikiingia inaisha kabla hata ya kuandika.

mwalimu_kasese: Hapo ongeza sentensi moja chini ya kila lengo: "kama hivi, basi hivi." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, aliandika juu ya hiyo 1999. Usiseme tu "nitaweka akiba". Sema: mteja akilipa sare za shule, basi kabla sijashika kitambaa kingine natoa sehemu ya fizi naituma kwa akaunti ya akiba. Unaamua mapema, pesa ikija hufikirii tena. Anza na lengo la fizi peke yake muhula huu.

fundi_arua: Sawa mwalimu, sare za muhula ujao nimeshaanza kupokea oda. Naandika leo.