Tupeane uzoefu: kutoka stendapu hadi tamthilia yako mwenyewe ya runinga

Mleta mada
Wakuu, wachekeshaji wa jukwaani Dar wanaongezeka, ila wanaovuka na kuwa na kipindi chao ni wa kuhesabu. Wenye kuijua kazi shusheni nondo. Porojo tuziache kijiweni.

Kuna Nazi
Kosa la kwanza ni kuzipasua dakika zako kumi za jukwaani ziwe mazungumzo. Jukwaani kicheko kimo katika kusimulia kwako. Kwenye tamthilia kimo kwa mtu anayetaka kitu na hakipati. Una kichekesho cha baba mwenye nyumba wa Sinza? Jiulize anataka nini. Anataka kodi ya miezi sita, leo. Mpangaji ana ya mwezi mmoja, na aliyemkopesha hiyo ni mke wa baba mwenye nyumba, kwa siri. Hapo una watu watatu na ugomvi usioisha siku moja. Sasa andika mistari miwili ya kila sehemu, sehemu 13. Ukikwama ya tano, hicho bado ni kichekesho, si kipindi.

Wachekeshaji wa Marekani Jerry Seinfeld na Larry David, waanzilishi wa kipindi cha Seinfeld, wote walitoka jukwaani. Katika kipindi hicho (1989 hadi 1998), stendapu iliwekwa zaidi mwanzoni na mwishoni mwa sehemu. Katikati ni kazi ya wahusika.

Dada wa Mwenge
Nusu saa ya runinga ukitoa matangazo inabaki kama dakika 22. Ukurasa mmoja hukadiriwa dakika moja, lakini majibizano hukimbia, kwa hiyo usomeni kwa sauti na saa mkononi kabla ya kupiga picha.

Kwenye kuigiza, mchekeshaji ana magonjwa matatu: anasubiri kicheko ambacho hakipo, anapaza sauti kana kwamba yuko ukumbini, na kila akirudia kurekodiwa anabadilisha maneno na vitendo. La tatu ndilo linalomtesa mhariri, maana kikombe kilikuwa mkono wa kulia, sasa kiko wa kushoto. Dawa: mrudio wa kwanza na wa pili fuata muswada, wa mwisho mwachie ajimwage.

Fundi Sauti
Picha mbaya kidogo watu wanavumilia, sauti mbaya hawavumilii. Zima feni na friji (weka funguo za gari ndani ya friji, hutaondoka bila kuiwasha tena). Bodaboda na adhana zipangie ratiba. Kabla ya kuhama chumba, rekodi ukimya wake sekunde 30. Mhariri atazibia mapengo.

Mzee wa Mikataba
Mmesahau karatasi. Wazo tupu halilindwi na sheria ya hakimiliki, kilichoandikwa kinalindwa. Sajili muswada COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) kabla ya kuuzungusha kwa watayarishaji, na kibali cha kupiga picha kinatoka Bodi ya Filamu. Kwenye mkataba tafuta mambo manne: jina la kipindi ni la nani, mhusika ni wa nani, marudio yanalipwaje, na nani anaruhusiwa kuweka vipande mtandaoni.

La jina msilichukulie poa. Kundi la vichekesho lililovuma kwa jina la Ze Comedy huko EATV, lilipohamia TBC1 watazamaji walikuja kulizoea kama Orijino Komedi.

Dada wa Mwenge
Na mhusika aliyezaliwa jukwaani, Mzee? Video za zamani zenye tarehe zinatosha?

Mzee wa Mikataba
Zinasaidia kama ushahidi. Ila mwandike pia: jina, mavazi, misemo yake, tabia. Kurasa mbili, kisha ziambatanishwe kwenye mkataba wenyewe.