Samaki gani wanaweza kuishi pamoja katika tangi la lita 60 lenye maji ya kisima?

Baba Rehema (Tabata, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nimenunua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 36, ambalo likijazwa linabeba takriban lita 60. Binti yangu anawataka neoni tetra kwa ajili ya ule mstari wao wa buluu, mama yake amependa samaki wa dhahabu, na muuzaji ametushauri tuongeze enjeli mmoja kwa urembo pamoja na pleko wa kusafisha kioo. Anasema kwamba wote hao hukaa pamoja bila matatizo. Maji yetu ya nyumbani ni ya kisima kirefu. Yana ladha ya chumvi kidogo na huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Naomba ushauri kabla sijanunua, kwani sitaki mtoto aanze ufugaji kwa kuokota samaki waliokufa.

Mtunza Tangi (Arusha)

Baba Rehema, umefanya vyema kuuliza mapema. Orodha uliyopewa haifai kukaa katika tangi moja hata lingekuwa la lita 300, sembuse la lita 60. Samaki wa dhahabu hufikia sentimita 20 au zaidi, hutoa taka nyingi, na hustawi katika maji ya nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, ilhali maji yaliyokaa ndani ya nyumba huko Dar es Salaam hukaribia nyuzi 28 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Enjeli akikomaa humeza neoni, naye hufanya hivyo kwa sababu huko Amazoni, kwao wote wawili, samaki wadogo kama neoni ni chakula chake. Pleko wa kawaida, ambaye dukani huonekana ana urefu wa kidole, hupita sentimita 30, na kinyesi chake ni kingi kuliko uchafu anaouondoa kwenye kioo.

Wanabaki neoni. Hao wangeweza kuenea katika tangi lako wakiwa kundi la sita au zaidi, lakini asili yao ni maji laini yenye tindikali, na ukoko wa birika lako unaonyesha kwamba maji yenu ni magumu, yaani yana madini mengi. Mimi huwashauri watu wote wafuate mpangilio huu: kwanza wayajue maji yao, kisha waulize ukubwa wa samaki akiwa mtu mzima, halafu tabia yake, rangi ije mwisho. Kwa maji kama yako ningeanza na gapi, samaki wadogo wenye mikia ya rangi, kwa sababu huvumilia ugumu na hata chumvi kiasi.

Shangazi wa Ujiji (Kigoma)

Nakubaliana na Mtunza Tangi, ila naona ajabu kwamba katika nchi yenye Ziwa Tanganyika tunawaza samaki wa Amazoni kwanza. Ziwa hili lina mamia ya aina za sikilidi, ambao ni ndugu za perege na sato, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wapo wakubwa kama kuhe tunayemla huku, na wapo wadogo mno. Neolamprologus multifasciatus ni miongoni mwa hao wadogo: dume hafiki hata sentimita 5, na jike ni mdogo zaidi. Huishi kwa ukoo ndani ya makombe matupu ya konokono, huchimba mchanga kuyazunguka, hulea watoto humo humo, na kila mmoja hulinda kombe lake kwa ujasiri usiolingana na umbo lake. Tangi lenye urefu wa sentimita 60 linawatosha kabisa, mradi uweke mchanga laini wa kina cha sentimita 5 hivi na makombe mengi kuliko idadi ya samaki. Makombe ya konokono wa shambani yaliyochemshwa yanafaa, endapo mlango wake unapitisha samaki kwa urahisi.

Nakuonya, hata hivyo, kwamba hao wafugwe peke yao. Ukiwachanganya na gapi, watoto wa gapi wataliwa na wakubwa watafukuzwa kila wanaposhuka karibu na mchanga. Usishawishike pia na Tropheus, hata kama naye ni wa ziwa letu, kwani huhitaji kundi kubwa, tangi la mamia ya lita na chakula cha mimea, la sivyo huvimba tumbo na kufa. Mbuna, sikilidi wa Ziwa Nyasa, nao ni wakali mno kwa nafasi hiyo.

Fundi Maji (Kibaha)

Shikamoo Shangazi. Pendekezo lako ni zuri, lakini naomba Baba Rehema asilifuate kabla ya kupima maji. Ukoko mweupe ni dalili ya kalsiamu, yaani ugumu. Ladha ya chumvi ni jambo jingine: katika ukanda wa pwani visima vingi huingiliwa na maji ya bahari, na hapo kinachozidi ni kloridi ya sodiamu. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, yenye pH (kipimo cha tindikali na alkali) ya kati ya 8.6 na 9.2, lakini hayana ladha ya chumvi kama visima vyetu. Kile kipimo cha kalamu hutoa jumla tu ya madini yaliyoyeyuka bila kueleza ni madini gani, kwa hiyo peleka sampuli katika maabara ya maji ikapimwe ugumu, alkali na kloridi, kila kimoja peke yake.

Tena, pH ikiwa juu na maji yakiwa ya moto, sehemu kubwa zaidi ya amonia itokanayo na taka za samaki hubadilika kuwa ile inayodhuru matamvua. Idadi ya samaki ambayo mtu wa Arusha angeivumilia inaweza kuwa kubwa mno kwa Tabata.

Baba Rehema

Marahaba kwa niaba ya Shangazi, na asanteni sana. Nimepima: maji ni magumu kweli, na kloridi ni nyingi kuliko nilivyodhani. Nimeamua kuwaacha hao wa makombe hadi nitakapopata tangi la kukusanyia maji ya mvua ya kuchanganyia. Kwa sasa tutafuga gapi. Je, niweke wangapi, na je, madume na majike pamoja? Umeme wetu hukatika mara kwa mara.

Mtunza Tangi

Uamuzi mzuri. Weka madume peke yao, sita kwa kuanzia. Jike hujifungua karibu kila mwezi na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, hivyo hata jike mmoja aliyenunuliwa akiwa peke yake atakujazia tangi. Madume ndio wenye rangi anazozipenda binti yako.

Kabla ya hapo, washa kichujio na utie punje chache za chakula cha samaki ili zioze na kulisha bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, na imekamilika pale vipimo vya amonia na nitriti vinaposoma sifuri ilhali nitrati ipo. Sifongo ya kichujio isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si kwa maji ya bomba yenye klorini. Umeme ukikatika, tumia pampu ya hewa ya betri na usiwalishe hadi urudi. Siku ya kuwaleta, waache kwenye ndoo pamoja na maji ya dukani, uwadondoshee maji ya tangi lako taratibu kwa saa moja hivi, kwa kuwa huenda maji waliyozoea ni laini kuliko yako. Kisha uwahamishe kwa wavu, na maji ya dukani yamwagwe nje.