Naomba ushauri: paa la jengo linavuja, wamiliki wako mbali, nami ndiye meneja

Msimamizi_Kasuarina:
Assalaam aleikum, na salamu kwa wanajukwaa wote. Mimi ni meneja wa jengo la fleti 18 upande wa Kasuarina hapa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika kazi hii. Nusu ya wamiliki ni Waitaliano wanaokuja wakati wa kaskazi na kuondoka Pasaka inapokaribia. Wengine ni watu wa Nairobi na Mombasa, na ni familia mbili tu zinazoishi hapa mwaka mzima. Tangu masika ya mwaka jana slabu ya juu, yaani paa la zege, inavuja. Mwenye fleti ya ghorofa ya mwisho ananiandikia kila siku kwamba dari ya chumba chake cha kulala imeota ukungu na plasta inabanduka, na wenye fleti za chini wanasema paa hilo ni lake kwa kuwa ndiye anayelala chini yake, wala hawataki ada zao za huduma zitumike huko. Mvua zimebakisha wiki tatu. Naomba kujua: paa ni la nani, na meneja ana mamlaka ya kufika wapi katika kulitengeneza? Usingizi umenipaa.

Karani_Mstaafu:
Wa aleikum salaam, binti yangu. Swali lako la kwanza lina jibu lililo wazi. Chini ya sheria ya majengo yanayomilikiwa kwa sehemu, ile ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya sheria ya 1987, kila mwenye fleti anamiliki sehemu yake peke yake, na vilivyobaki ni mali ya pamoja: ngazi, kuta za nje, msingi, tangi la maji, na paa, isipokuwa kama ramani ya sehemu iliyosajiliwa inasema vingine. Mali ya pamoja hutunzwa na shirika la wamiliki, ambalo kila mwenye sehemu ni mwanachama wake, apende asipende, na michango hugawanywa kwa kadiri ya kiwango cha kila sehemu. Kwa hiyo wa chini analipia paa kama vile wa juu anavyolipia ngazi za chini. Asiyelipa hudaiwa kama mdaiwa mwingine yeyote, na mgogoro huanzia kwenye kamati ya ndani ya usuluhishi kabla ya kufikishwa mbele.

Kuhusu mamlaka yako, soma mkataba wako wa kazi, kwa sababu meneja hana mamlaka yanayotoka kwake mwenyewe; anayo yale tu aliyokabidhiwa na kamati.

Fundi_wa_Maweni:
Dada yangu, kabla ya kujadili mwenye paa, jadilini paa lenyewe. Nimetengeneza slabu nyingi kati ya hapa na Watamu, na nakuambia kwamba baharini maji hayaharibu peke yake, bali chumvi. Ikipenya kwenye ufa inafika kwenye nondo, yaani vyuma vya ndani ya zege, nondo zinakula kutu, kutu inafura na kupasua zege kutoka ndani, na mwisho vipande vinaanguka. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo mjenzi alichanganya zege kwa mchanga wa ufuoni au kwa maji ya kisima cha chumvi. Je, mmegonga dari kwa nyundo kusikiliza kama ina sauti ya uwazi? Karatasi za lami zinazochomwa kwa gesi hazishiki kwenye slabu yenye unyevu, na hazina faida kama mteremko wa kuelekea kwenye mifereji si sahihi. Kazi ikiisha, ziba mifereji, jaza maji juu, uyaache saa 24 au zaidi, kisha ukague dari ya chini ndipo ulipe salio.

MamaShela:
Mwanangu, pole sana. Mimi nilikuwa na fleti Nyali kwa miaka tisa, na meneja wetu alikuwa kijana mwema ambaye kila mtu alimpenda. Ada zote zilikuwa zikiingia kwenye simu yake kwa sababu ilikuwa rahisi, naye alilipa mabawabu, umeme wa ngazi, gari la kunyonya maji taka na dawa ya bwawa bila kuchelewa hata mara moja. Siku alipopata ajali akalazwa miezi miwili, hakuna aliyeweza kusema tuna shilingi ngapi, wala risiti ziko wapi, wala bima ya jengo inaisha lini. Iligunduliwa baadaye kwamba bima ilikuwa imekwisha zamani. Hakuiba, lakini tulikaa katika giza, na wawili wetu tuliuza kwa hasara. Ndiyo maana nikisikia habari ya meneja na matengenezo makubwa, swali langu la kwanza si la paa. Pesa ziko wapi, na nani anazitoa?

Msimamizi_Kasuarina:
Ahsanteni sana. Mama, pesa ziko benki kwa jina la shirika, na akiba ya matengenezo makubwa ina akaunti yake iliyokuwa na shilingi 1,150,000. Daftari la hesabu ninalo, na risiti zote nimezihifadhi kwa mwezi. Ndugu Fundi, dari imegongwa, na ina uwazi sehemu mbili karibu na bomba la kuteremsha maji.

Karani_Mstaafu:
Umeandika kwamba akaunti "iliyokuwa na" kiasi hicho. Sasa ina kiasi gani?

Msimamizi_Kasuarina:
Nilitaka kulieleza hili nikishapata jibu la swali la kwanza. Kazi imekadiriwa shilingi 960,000, yaani 48,000 kwa kila mmiliki, na nusu yake, 480,000, nimekwisha kumlipa mkandarasi ili anunue vifaa. Nusu ya pili ni Ijumaa. Kamati haijakutana tangu Novemba, na sasa watatu kati ya watano wako Ulaya. Mkandarasi ni mtoto wa mjomba wangu, lakini naapa kwamba sikumchagua kwa ajili ya undugu: ndiye aliyekubali kuanza mara moja, na kazi zake naziona. Mnieleze, ningefanya nini? Ningeketi nisubiri barua pepe zijibiwe huku dari ikimwangukia mtu kitandani? Siku mvua itakapoingia, meneja ndiye atakayelaumiwa.

Hodari_wa_Barani:
Dada, nakuamini, lakini mali ya watu ni amana, na amana haitunzwi kwa nia njema peke yake. Ungekuwa umechukua kotesheni tatu na ya binamu yako ikawa nafuu kuliko zote, bado ulipaswa kuiambia kamati kwa maandishi kwamba huyu ni jamaa yako, kisha ukae pembeni wakati wa kuamua. Hata akifanya kazi nzuri kuliko mafundi wote wa pwani, kesho ufa ukitokea watasema mlikula pamoja. Nami nauliza pia jambo linalonikera: hao Waitaliano ni wamiliki kweli? Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi nchini.

Karani_Mstaafu:
Katiba ya 2010 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi bila ukomo wa muda, lakini inamruhusu kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99. Aliyesajiliwa kuwa mwenye sehemu kwa njia hiyo ana kura yake na deni lake kama wengine. Asipokuwepo anaweza kumteua mwakilishi kwa maandishi ampigie kura, kwa hiyo kuwa kwao mbali si sababu ya kuacha kuwauliza.

Mpekuzi77:
Naomba radhi, lakini nadhani habari hii imetungwa. Kwanza, jengo lilikuwa na fleti 18, na sasa 960,000 imegawanywa kwa 48,000, ambayo ni hesabu ya watu 20. Pili, na hili ndilo zito, akaunti ya shirika huwa na watia saini angalau wawili kutoka kwenye kamati. Meneja aliyeajiriwa alitoaje 480,000 ilhali kamati iko Ulaya na haijakutana? Ama hakuna jengo, ama hakuna akaunti. Tusipoteze muda kushauri kivuli.

MamaShela:
Mpekuzi, lugha iwe ya upole. Lakini hata mimi nimeliona hilo la saini. Mwanangu, jibu.

Msimamizi_Kasuarina:
Jengo lipo, na nimeumia kuambiwa kwamba nimetunga. Fleti ni 18, na chini kuna maduka mawili yenye hati zake, nayo huchangia, ndiyo 20. Nilichukulia wote ni sawa ili hesabu iwe nyepesi. Kuhusu saini: mwenyekiti na mhazini walipoondoka mwezi Machi waliniachia hundi tatu zilizotiwa saini bila kiasi wala jina, kwa ajili ya dharura. Nimetumia moja. Sikuandika mwanzoni kwa sababu niliogopa mtaniona mwizi. Wao wenyewe ndio walionipa, na paa linalovuja ni dharura.

Karani_Mstaafu:
Binti yangu, nimefanya kazi na vitabu vya hundi kwa miaka 31, na ningependa uketi ndipo usome haya. Hundi tupu yenye saini ni hatari kwako kuliko kwao. Ikipotea kwenye droo yako, kila senti itakayochukuliwa itahesabiwa mkononi mwako, na neno "dharura" kila mmoja atalifasiri kwa faida yake. Dharura ni bomba lililopasuka usiku, pampu iliyoungua watu wakakosa maji, au zege linaloning'inia juu ya njia ya watoto. Hayo unayashughulikia kwanza kisha unatoa taarifa. Kuweka lami mpya juu ya paa zima, tena kwa wiki zilizobaki, ni matengenezo makubwa, na hayo huamuliwa na wamiliki.

Usilipe nusu ya pili. Mpe binamu yako barua ya kusimamisha kazi kwa muda, umtake risiti za vifaa alivyonunua, na vifaa hivyo viletwe jengoni na kuandikwa. Leo hii waandikie wamiliki wote 20 ujumbe mmoja wenye picha, kiasi kilicholipwa, hundi iliyotumika, na undugu wenu, kisha umwombe mwenyekiti aitishe mkutano kwa simu. Hundi mbili zilizobaki zipigwe mistari, ziandikwe kuwa zimefutwa, zibaki ndani ya kitabu chake, na mwenyekiti aiarifu benki kwa maandishi.

Fundi_wa_Maweni:
Wakati huohuo dari isiachwe. Zibua mifereji ya juu, funika nyufa kwa turubai nzito lililobanwa vizuri kwa sababu kusi haina huruma, sehemu mbili zenye uwazi zibanduliwe kwa uangalifu zisimwangukie mtu, na mwenye fleti ahamishe kitanda. Gharama yake ni ndogo, na hayo ndiyo ninayoyaita ya dharura.

Mpekuzi77:
Nimekosea kukuita mwongo, dada. Nisamehe.

Msimamizi_Kasuarina:
Nimekusamehe, ndugu yangu. Nimeutuma ujumbe jana usiku kwa wote 20, na nilitetemeka nilipobonyeza. Kumi na wawili wamejibu. Wawili ni wakali sana, na mmoja anataka niondoke. Mhazini amekiri mbele ya wote kwamba hundi zile lilikuwa wazo lake. Mkutano ni Jumapili saa kumi jioni kwa simu, na wanataka kotesheni mbili zaidi. Binamu yangu amekasirika, ila risiti za 312,000 amezileta, na salio amesema atalirudisha kabla ya mkutano. Ndugu Fundi, unaweza kuja kupima mteremko uandike kotesheni yako?

Fundi_wa_Maweni:
Naweza Jumamosi. Lakini kwa kuwa nimekushauri hapa, waambie hilo pia.

Msimamizi_Kasuarina:
Nitawaambia. Njoo kabla ya saa nne asubuhi, slabu ikishashika jua haikanyagiki.