Gari la watu sita kwa milioni 15, Tanga: Noah au Sienta, na bima ipi?

Mama_Makorora:
Habari zenu wakuu. Tunatafuta gari la familia hapa Tanga mjini. Tuko sita: wazazi wawili, watoto watatu (mdogo ana miaka miwili) na bibi yao. Bajeti ni milioni 15 na kila kitu kiwemo humo, yaani gari lenyewe, kubadilisha jina na bima. Kazi zake za kila siku ni shule na soko la Ngamiani. Mwisho wa wiki mara mojamoja Pangani au Amboni, na sikukuu kupanda Lushoto kwa wazee.

Dalali ametuonyesha magari mawili. Noah AZR60 ya milioni 13 na Sienta ya zamani kidogo (NCP81), nayo milioni 13. Yote namba D, na anasisitiza kwamba namba D ni gari la juzi. Naomba ushauri: lipi kati ya haya, bima ndogo inatosha au nikate kubwa, na nikague nini kabla hela haijatoka?

Fundi_Mikanjuni:
Dada, hiyo namba D iondoe kichwani kwanza. Herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitoka kiwandani lini. Noah AZR60 zimetengenezwa 2001 hadi 2007, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa ni mzee tayari, iwe na namba gani. Sienta NCP81 zilianza 2003 zikaenda mpaka 2015, hapo ndipo unaweza kupata ya 2011 au 2012. Mwaka usome kwenye kadi, halafu uhakikishe kwenye gari: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kuna kilebo kimeshonwa karibu na sakafu chenye mwaka wa kutengenezwa mkanda. Mikanda ikiwa ya 2004 na kadi inasema 2009, ondoka.

Sasa injini. Noah hiyo kwa kawaida ina 1AZ-FSE, ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna cha kuziosha na masizi yanajaa pale. Dalili yake ni gari kutetemeka likiwa sailensa (linawaka limesimama) na kukosa nguvu mlimani. Pampu yake ya presha kubwa nayo ikichoka huvujisha petroli ndani ya oili. Chomoa dipstiki: oili ikiwa juu ya alama na inanuka petroli, hiyo ni gharama inakusubiri. La tatu, na ndilo baya zaidi, ni nyuzi za boliti za silinda hedi upande wa nyuma. Bloku ni ya aluminiamu, nyuzi zinachomoka, gasketi inaachia na maji yanavuja taratibu. Chukua tochi, angalia nyuma ya injini upande wa kwenye kabini. Ukiona alama za chumvichumvi nyekundu au nyeupe zimekauka pale, hata akikupunguzia milioni mbili usichukue.

Sienta ina 1NZ-FE, injini ile ile ya IST na Raum. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, oili lita 3.7 pamoja na filta, na vipuri vyake havina shida hata hapa hapa mjini. Udhaifu wake si injini, ni giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua.

Namna ya kukagua: mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya boneti, ikiwa ya moto ujue ameshalipasha ili usione linavyowaka asubuhi. Fungua mfuniko wa rejeta likiwa baridi. Unataka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) yenye rangi, si maji ya bomba yenye kutu. Fungua mfuniko wa oili: ukiona uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Kisha mwendo. Pandisha barabara ya Pongwe dakika 20 huku ukitazama geji ya joto. Ikishuka kila mnapokimbia na kupanda mnaposimama, kuna mtu alitoa thermostati, ile valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini. Mafundi wenzangu wanapenda sana mchezo huu, gari linachemsha wanang'oa thermostati badala ya kutafuta kwa nini linachemsha. Mjini hutajua. Lushoto utajua.

Na kwa sababu ni Tanga, kutu. Lipandishe juu, usikubali kuchungulia tu. Angalia mabomba ya breki yanayopita chini, mahali shokapu za nyuma zinaposhikia, chini ya zulia la buti, na reli ya chini ya milango ya kusukuma (yote mawili unayotaka yana milango hiyo, na reli ikiliwa mlango hautelezi sawa). Chini kukiwa kumepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, gonga na bisibisi. Bati zima linalia, bati lililooza linazama.

Wakala_wa_Bima:
Swali la bima limeshajibiwa nusu na fundi bila yeye kujua. Bima ndogo, thedi pati, ni lazima kisheria, na kwa gari binafsi ni 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Inalipa madhara unayomsababishia mwingine. Gari lako likianguka, likiungua, likiibiwa au likisombwa na maji ya masika, hulipwi hata mia. Dereva mwenyewe naye hayumo, na kuhusu abiria wako ndani ya gari soma sera yako, usichukulie kwamba wamo.

Bima kubwa kwa gari binafsi hupigwa asilimia ya thamani, kiwango kinachotumika sana ni 3.5%. Gari la milioni 13: 455,000, ongeza VAT ya 18% ambayo ni 81,900, jumla 536,900. Tofauti na ndogo ni 418,900. Kwa familia ambayo gari likipotea haiwezi kununua jingine mwaka huo huo, mimi nasema lipa.

Lakini sasa umri. Zipo kampuni zinazogoma kutoa bima kubwa kwa gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, nyingine zinakubali kwa masharti na ukaguzi mkali. Noah ya 2003 unaweza ukainunua halafu ukabaki na bima ndogo tu, upende usipende. Kwa hiyo peleka nakala ya kadi kwa kampuni mbili tatu kabla ya kununua, uliza wazi: "Hili mtalipokea bima kubwa?" Watu wengi wanakuja ofisini na gari tayari, wanaanza kununa.

Mambo matatu ya kusoma kwenye sera, na wala si marefu. Moja ni kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai, mara nyingi asilimia ya dai na kiwango cha chini. Pili ni kikomo cha kioo cha mbele na kama wizi wa vioo vya pembeni unalipwa, maana ndivyo vinavyoibiwa kuliko gari zima. Tatu ni mafuriko, yaandikwe.

Usishushe thamani ili ulipe kidogo. Gari la milioni 13 ukaliandikisha milioni 10, likapata hasara ya milioni 2.6, kampuni inakulipa kwa uwiano ule ule: milioni 2, na hapo bado hawajatoa sehemu yako. Ulichookoa ni 123,900 za malipo ya mwaka.

Ukishalipa, ingia TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima), andika namba ya gari uone bima ipo, aina yake na tarehe zake. Stika ya mtu wa mtaani isiyoonekana kwenye mfumo haina kazi. Na gari la namba ya njano usibebe abiria wa nauli hata siku moja ya sikukuu, ajali ikitokea kampuni ina haki ya kukataa. Vivyo hivyo dereva asiye na leseni ya daraja husika, kwa gari binafsi ni D.

Kijana_wa_Pongwe:
Fundi umeonea Noah bwana. Watu sita na mabegi, bibi yumo, Sienta mtakaa kama dagaa. Viti vya nyuma vya Sienta vikiinuliwa buti inabaki ya mfuko wa shule tu. Na injini yake ya 1.5 ikiwa na watu sita kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kelele mwanzo mwisho. Mombo iko kama mita 400 juu ya bahari, Lushoto inakaribia 1,400, na unapanda hiyo yote ndani ya kilomita 33 za kona. Noah nzima haisikii.

Fundi_Mikanjuni:
Noah nzima, sawa. Niletee moja nzima kwa milioni 13 nikupe udalali. Kama nafasi ndiyo shida, dada aulize Wish ya umbo la pili (ZGE20, kuanzia 2009), ina injini ya 1.8 na viti saba. Haina milango ya kusukuma lakini mlimani inapanda vizuri zaidi ya Sienta. Ikipatikana kwa bajeti yake, mimi ningeenda huko.

Kijana_wa_Pongwe:
Hapo kwenye Wish sibishi. Tuje kwenye safari basi.

Lushoto, kupanda si tatizo, kushuka ndiko kunakoua breki. Ukishuka na D huku mguu uko kwenye breki muda wote, mafuta ya breki yanachemka na pedali inazama mpaka chini. Weka gia ya chini tangu mwanzo wa mteremko: Noah ya gia nne ni 2 au L, za CVT ni S au B kutegemea gari. Injini italia, iache ilie. Breki ikanyage kwa vipindi, kanyaga kwa nguvu kabla ya kona, achia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama Soni upumzishe, usimwagie diski maji. Na kabla ya safari badilisha mafuta ya breki kama hujui yaliwekwa lini. Yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga mnaijua. Kila miaka miwili inatosha.

Njiani kote kuna vijiji vya spidi 50, kuanzia hapa Pongwe, Muheza, Hale mpaka Korogwe, na tochi za polisi za kupima mwendo zipo. Faini ni 30,000 kwa kosa. Hata hilo gari mnalonunua, weka namba yake kwenye mfumo wa faini wa polisi kabla hujalipa, maana madeni yanafuata gari.

Pangani ni kama kilomita 50, safari ya asubuhi na kurudi jioni. Magofu ya Tongoni mnayapita njiani, hayafiki kilomita 20 kutoka mjini, watoto wanyooshe miguu hapo. Mkitaka Ushongo ni ng'ambo ya mto, mnavuka na kivuko kwenda Bweni, kwa hiyo mpange muda wa kurudi kabla hamjavuka. Msiingize gari mchangani. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu likizama, kila ukikanyaga moto linajichimbia zaidi. Mkirudi, oshea chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

Amboni ni jirani, kilomita 8 barabara ya Horohoro. Viatu visivyoteleza na tochi, basi. Magoroto na Amani kule Muheza ni pazuri mno lakini ni vumbi na mwinuko, mvua ikinyesha udongo ule unateleza. Masika acheni kabisa.

Dereva_Mama:
Niongeze la mtoto wa miaka miwili maana wanaume mmeliruka. Kiti chake kifungwe safu ya pili, si ya nyuma kabisa. Kwenye Sienta safu ya nyuma iko karibu mno na mlango wa buti. Kabla ya kununua, jaribu mikanda yote: ivute ghafla ikaze, ifunge, ifungue. Magari ya mkononi utakuta kufuli la mkanda wa nyuma limejaa mchanga. Kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe mbele penye eabegi. Tairi nazo, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri na umri mbaya bado ni tairi mbaya. Upepo fuata kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si maneno ya kijana wa gereji.

Mama_Makorora:
Ahsanteni sana, nimepata shule. Noah tumeachana nayo, kampuni mbili zimesema haipokelewi bima kubwa. Tunatafuta Wish, Sienta inabaki akiba. Mwenye Sienta anasema oili ya giaboksi haijawahi kuguswa na fundi wake kasema isiguswe. Ni kweli? Na kubadilisha jina itakula kiasi gani?

Wakala_wa_Bima:
Jina: ushuru wa stempu 1% ya thamani, kwa milioni 13 ni 130,000, ada ya kuhamisha 50,000 na kadi 10,000. Jumla 190,000. Jumlisha bima kubwa unafika 726,900, kwa hiyo kwenye milioni 15 unabaki na milioni 1.27 ya sevisi na tairi. Mkataba upite kwa wakili, jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia na kitambulisho chake cha NIDA, na kama jina la benki limo kwenye kadi pembeni ya lake, benki ithibitishe kwa maandishi kwamba deni limekwisha. Usilipe kwa dalali, lipa kwenye akaunti ya mwenye gari.

Fundi_Mikanjuni:
"Isiguswe" wanasema kwa sababu wengi walimwaga wakaweka ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya kawaida, giaboksi ikafa, lawama ikaenda kwa kumwaga. CVT inataka oili ya CVT ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ibadilishwe kwa kumwaga chini na kujaza kipimo kile kile kilichotoka, bila kusukuma kwa mashine. Kabla ya hapo ijaribu: likiwa la moto, simama kwenye mwinuko, ondoka taratibu. Likichelewa kuitika kisha likaruka, au likatetemeka kati ya spidi 20 na 40, hakuna oili itakayolitibu. Likiondoka laini, nunua, mwaga oili, angalia sumaku za kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usilipeleke Lushoto mpaka giaboksi ifunguliwe.